Kosa la Kuweka Jua Ndani

Katika Jamhuri ya Tulipo jua huwaka siku mia tatu na arobaini kwa mwaka bila kuomba kibali cha mtu yeyote. Kwa muda mrefu Serikali ililivumilia. Jua lilianika dagaa, likakausha nguo, likapausha picha za viongozi zilizobandikwa nguzoni, na mambo yakaishia hapo. Umeme ulikuwa kazi ya Shirika. Shirika la Umeme la Tulipo lilikuwa na mitambo mitatu mikubwa ya mafuta, nguzo nyingi zilizosimama na chache zilizolala, na wateja waliozoea kuupokea umeme kama anavyopokewa mgeni asiyesema atakaa siku ngapi.

Kisha watu wakaanza kupandisha paneli za sola juu ya mabati yao.

Wa kwanza kuiona hatari yake, na faida yake, alikuwa Mhandisi Semeni Kipande, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mfupi, mwenye sauti ndogo, aliyefanya kazi miaka kumi na saba katika chumba cha kuongozea gridi ya taifa. Ukutani mwa chumba hicho palikuwa na mshale mmoja. Umeme unaozalishwa ukilingana na unaotumika, mshale husimama kwenye hamsini. Watumiaji wakizidi, unashuka. Umeme ukizidi, unapanda. Ukipanda mno au ukishuka mno, mitambo hujizima yenyewe isije ikaungua, na nchi nzima inabaki gizani. Kazi ya Semeni ilikuwa kuuchunga mshale huo, na aliuchunga kwa wivu kama mama anavyochunga maziwa jikoni.

Sasa mshale ukaanza vituko. Saa sita mchana mapaa ya mji mkuu yalizalisha umeme mwingi kiasi kwamba watu hawakuuhitaji wa Shirika, na uliowabakia ukarudi kwenye nyaya. Mitambo ya mafuta, ambayo haikuundwa kwenda taratibu, ilinguruma bila mteja, na mshale ukapanda. Saa moja jioni jua likazama, mapaa yote yakanyamaza kwa pamoja, watu wakarudi makwao wakawasha taa, majiko na televisheni, na mshale ukaporomoka. Hapo Semeni hakuwa na la kufanya ila kukata umeme mtaa mmoja baada ya mwingine, huku simu ya mezani ikimletea matusi ya kila aina, mengine ya kistaarabu.

Aliandika ripoti. Ilikuwa na kurasa tisa, lakini hoja yake ilitosha kuandikwa kiganjani: mchana tuna umeme tusioutaka, jioni tunautaka umeme tusio nao, basi wa mchana tuuweke kwenye betri na jioni tuutoe. Akaongeza kwamba wapo wananchi ambao tayari wana betri majumbani, na wakiombwa vizuri watasaidia.

Ripoti ilikaa kwa Mkurugenzi miezi mitano. Mwezi wa sita ikaitwa Wizarani, na Semeni pamoja nayo.

*

Wizara ya Nishati na Wizara ya Nidhamu zilikuwa zimeunganishwa mwaka uliotangulia ili kubana matumizi. Kati ya mawaziri wawili alibaki wa Nidhamu, Mheshimiwa Kanali Lindogo, mtu mrefu aliyezungumza kama anayekagua gwaride. Alikuwa ameisoma ripoti mwenyewe, akaipigia mistari kwa kalamu nyekundu.

"Mhandisi, hapa umeandika kwamba saa sita mchana wananchi hawatumii umeme wa Shirika."

"Wanatumia kidogo sana, Mheshimiwa. Wana wa kwao."

"Nani amewaagiza wasitumie?"

"Hakuna aliyewaagiza. Ni jua."

Waziri akamtazama katibu wake. Katibu akaandika: jua.

"Halafu saa moja jioni wanautaka wote kwa pamoja."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mchana wanatususia, jioni wanatuvamia. Huoni kwamba hapa kuna uratibu?"

Semeni alieleza upya. Alipoona maneno hayafiki, aliomba jagi na glasi mbili. Akamimina maji kwenye glasi ya kwanza mpaka yakafurika mezani, akasema huo ni mchana. Akamwonyesha glasi ya pili, tupu, akasema hiyo ni jioni. Kisha akachukua maji ya mchana, akayaweka kwenye jagi, akayamimina kwenye glasi ya jioni. Alifanya taratibu, kama anavyofundishwa mtoto wa darasa la pili, akijichukia kidogo kwa kufanya hivyo.

"Umeeleweka," akasema Waziri, akainywa glasi ya jioni. "Sasa nifafanulie ukurasa wa tano. Kuna watu wanaweka umeme ndani?"

"Wanauhifadhi, Mheshimiwa. Hao ndio watakaotuokoa."

"Ni wangapi?"

"Hapa mjini wanapita elfu tatu."

"Una majina yao?"

"Yako kwenye kiambatisho cha pili," Semeni akajibu, na moyoni alijisifu kwa kukiweka, maana kilimchukua majuma matatu kukusanya.

*

Siku nne baadaye Waziri alilihutubia taifa kwa redio.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa haliwezi kunyooka kama mashati yake yamekunjamana. Kuanzia Jumatatu, saa sita mpaka saa saba mchana itakuwa Saa ya Pasi ya Taifa. Kila mwenye pasi ataichomeka. Asiye na nguo ya kunyoosha atanyoosha iliyonyooka. Kwa njia hii umeme wa mchana utapata kazi, na sisi sote tutapata kola."

Jumatatu ilipofika, watendaji wa mitaa walipita nyumba kwa nyumba wakigusa kola kuona kama zina joto. Wananchi walitii. Ila kwa kuwa waliogopa umeme usije ukakatika katikati ya shati, wengi walitumia pasi za mkaa. Mji mzima ukanuka moshi, na mshale katika chumba cha Semeni ukapanda vilevile kama ulivyopanda juzi. Alipiga simu Wizarani kueleza tatizo la mkaa. Aliyepokea akamjibu kwamba takwimu za kola zinaridhisha.

Juma lilelile kiambatisho cha pili kikamtokea Semeni puani.

Tulipo ilikuwa na Sheria ya Walanguzi, iliyotungwa mwaka sukari ilipoadimika. Ilisema ni kosa kwa mtu kuweka ndani bidhaa adimu kwa nia ya kuitumia baadaye. Mwanasheria wa Wizara aliisoma mara mbili, akaona inatosha. Umeme wa jioni ni bidhaa adimu, Shirika lenyewe limethibitisha hivyo kila siku. Betri ni ndani. Na kila aliyeulizwa kwa nini ana betri alijibu bila kusita: nautunza nije niutumie baadaye. Washtakiwa walikiri kabla ya kushtakiwa. Kwa siku sita malori ya Wizara yalizunguka mji na orodha ya majina elfu tatu mia moja na kumi na mawili, yaliyopangwa vizuri kwa mpangilio wa mitaa.

Jina la kumi na tisa lilikuwa Zahanati ya Mikorosho.

*

Muuguzi mkuu wa zahanati hiyo, Sista Apolonia, alikuwa dada wa mume wa Semeni. Chini ya ngazi za zahanati palikuwa na betri nane zilizoendesha friji ya chanjo na taa ya chumba cha kujifungulia. Maofisa walizibeba zote kwa heshima, wakamwachia stakabadhi: "Umeme, betri nane, umejaa."

Jioni ya siku hiyo mshale uliporomoka, na zamu ya kukatiwa ilikuwa ya Mikorosho. Semeni akaukata. Jioni iliyofuata pia, na ya tatu. Siku ya nne asubuhi kipimajoto cha friji kilisoma nyuzi kumi na saba, badala ya nne au tano.

Semeni alipofika alimkuta wifi yake amechuchumaa sakafuni, akihamisha vichupa vya chanjo kutoka kwenye friji hadi kwenye sanduku la takataka, kimoja kimoja, akihesabu kwa midomo. Nje, akina mama walikuwa wamekaa kwenye benchi na watoto wachanga mgongoni, wakisubiri chanjo ya surua.

"Walikuja na orodha," Sista Apolonia alisema bila kuinua kichwa. "Kwenye orodha kuna idadi ya betri, ukubwa wake, mpaka na mahali zilipo. Chini ya ngazi. Nikajiuliza, nani anajua mambo yetu kiasi hiki. Ni nani aliyeandika, wifi?"

"Ni mimi."

Mikono ya Sista haikusimama. "Uliandika ya nini?"

"Nilitaka wajue kwamba mnaweza kusaidia."

"Basi wamejua." Akaweka kichupa cha mwisho, akafunga sanduku. "Sasa nenda kawaambie wale wa kwenye benchi. Mimi nimechoka kusema."

Semeni akatoka akawaambia warudi mwezi ujao. Mmoja wao, aliyetembea tangu alfajiri, aliuliza kama mwezi ujao kuna uhakika. Semeni alifungua kinywa kumweleza kuhusu mitambo, mapaa na jua kuzama, kisha akakifunga. Akasema hajui.

*

Betri zilipelekwa kwenye ghala la zamani la pamba, pembeni ya kituo cha kupozea umeme. Mtunza ghala aliitwa Bwana Ngwenje, mtumishi aliyebakiza miaka miwili kustaafu na aliyependa maandishi yawe yamenyooka. Kila betri alikuwa ameipa namba, kwa rangi nyeupe. Namba mia nne na kumi na nane ilikuwa ya nyumbani kwake. Aliiandikisha mwenyewe, akajipa stakabadhi, akaweka sahihi mara mbili, mtoaji na mpokeaji.

Mahakama ikaamuru kwamba vielelezo vitunzwe katika hali ambayo vilikamatwa nayo. Na kwa kuwa vilikamatwa vikiwa vimejaa, na betri ikikaa bure chaji yake hupungua, Wizara ililiandikia Shirika barua ya dharura kutaka mtaalamu wa kuhakikisha vinabaki vimejaa. Shirika likamtuma Semeni.

Alifanya kazi majuma matano. Alizipanga betri kwenye vichanja vya pamba, akaziunga kwa makundi, akazifungia inveta zilizokamatwa pamoja nazo, za kugeuza umeme wa betri uwe wa nyaya, akavuta nyaya nene mpaka kwenye transfoma kubwa ya kituo. Wizara iliidhinisha kila alichoomba siku hiyohiyo, jambo ambalo halikuwahi kumtokea kazini. Siku ya mwisho alisimama katikati ya ghala akazungusha macho. Kile kilikuwa ukurasa wa tano wa ripoti yake. Kilikuwa mbele yake kizima, kimejengwa kwa amri ya Serikali, kimefungwa kwa kufuli la Serikali, na hakikuwa na ruhusa ya kuwasha hata taa ya choo.

"Bwana Ngwenje," aliuliza, "amri ya Mahakama inasemaje hasa?"

Ngwenje alikuwa ameihifadhi kwenye jalada. Akasoma: "Vikaguliwe kila siku saa tisa alasiri, na vikutwe vimejaa."

"Saa tisa alasiri tu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na saa moja jioni?"

"Saa moja jioni mimi niko nyumbani, gizani, na mke wangu hasemi nami tangu niipokee ile mia nne na kumi na nane."

Semeni akamweleza. Mchana, umeme ukizidi, betri zitajazwa. Ndivyo amri inavyotaka. Jioni, ukipungua, umeme utoke betrini uende mjini. Saa tisa ya kesho yake mkaguzi atazikuta zimejaa kama kawaida. Hakuna nyaya mpya zinazohitajika. Ni swichi moja tu, juu au chini.

Ngwenje aliusoma tena ule mstari wa amri, akautafuta upande wa pili wa karatasi, hakukuta kitu.

"Hakuna mahali paliposema visitumike," alisema polepole. "Wamesema vikutwe vimejaa. Nitahitaji barua, lakini."

"Barua ya nani?"

Akafikiri. "Basi nitaiandika mwenyewe nijipelekee."

*

Jioni ya kwanza Semeni alikaa mbele ya mshale wake, mkono kwenye simu. Saa kumi na mbili na nusu alimpigia Ngwenje, akasema, "Juu." Jua likazama. Mapaa yakanyamaza. Mji ukawasha majiko. Mshale ukatikisika, ukashuka kidogo, ukasita, ukarudi hamsini, ukakaa. Semeni aliutazama mpaka machozi yakamtoka kwa kutokupepesa. Simu ya mezani haikulia hata mara moja. Ikabidi aiinue kuhakikisha kwamba ni nzima.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa jioni ya pili, na ya kumi, na ya arobaini. Mchana pia mshale ulitulia, kwa sababu umeme uliokuwa ukifurika sasa ulikuwa na pa kwenda. Watu wa Tulipo walianza kununua samaki wa kula siku mbili. Sista Apolonia akaagiza chanjo upya.

Siku ya arobaini na moja Waziri akatangaza ushindi.

"Walituambia tununue betri," alisema mbele ya umati uwanjani, mashati yote meupe na yamenyooka mstari. "Walituambia tuwaombe wenye mapaa watusaidie. Sisi tukachukua pasi. Leo siku arobaini hakuna mtaa uliokatiwa. Nawauliza, ni nini kilichofanya kazi?"

"Pasi," umati ukajibu.

Zikatolewa Nishani za Pasi. Saa ya Pasi ikaongezwa iwe mbili kwa siku, na mtu atakayekutwa na mikunjo baada ya saa nane akatengewa kifungu chake cha sheria. Na kwa kuwa tatizo la umeme lilikuwa limekwisha, Waziri aliongeza, vielelezo vya walanguzi havina kazi tena. Jumatatu ijayo vitapangwa uwanjani hapo na kusagwa kwa greda, mbele ya wanafunzi, liwe funzo.

Semeni aliisikia hotuba kwa redio, chumbani kwake kazini, mshale ukiwa hamsini kamili.

*

Alikwenda Wizarani akaeleza yote. Hakuficha swichi wala simu. Alichomwombea Ngwenje ni kitu kimoja tu, kwamba alitii amri kama ilivyoandikwa. Waziri alimsikiliza akitabasamu, kama mtu anayesikiliza majigambo ya mlevi.

"Kwa hiyo unataka kuniambia pasi za nchi nzima hazikufanya kitu."

"Mheshimiwa, nyingi zilikuwa za mkaa."

Tabasamu likaisha. Ikaundwa Tume ya watu kumi na wanne, ikakutana ukumbini Wizarani siku ya Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, Waziri akiwa mwenyekiti. Semeni alijua maneno hayatamsaidia, akaomba afanye jaribio moja. Leo, alisema, ghala litabaki limefungwa. Saa moja na dakika nane mji utazimika, na ukumbi huu utazimika nao. Bwana Ngwenje akiinua swichi, utarudi. Hakuna zaidi.

Waziri akaagiza kikao kiendelee. Alikuwa katikati ya sentensi kuhusu uadilifu taa zilipozimika. Ilikuwa saa moja na dakika nane.

"Endeleeni kuandika," alisema gizani.

Semeni akampigia Ngwenje simu. Mtambo mmoja baada ya mwingine ukaingizwa tena, ghala likabeba pengo, na baada ya dakika ishirini na mbili mwanga ukarudi ukawakuta wajumbe kumi na wanne wamekaa vilevile, kalamu mkononi, wakiangalia meza. Hakuna aliyemtazama Semeni. Kwa mara ya kwanza tangu aandike ripoti yake aliona kwamba wameelewa. Walielewa wote, pamoja na Waziri. Ilionekana kwenye shingo zao. Akasubiri mtu aseme.

Aliyesema ni Mwanasheria wa Wizara.

"Mhandisi, betri hizi zimemwagwa na kujazwa upya mara ngapi?"

"Mara arobaini na sita."

"Kwa hiyo umeme uliomo sasa si ule uliokamatwa."

"Ule uliokamatwa ulikwisha siku ya kwanza."

Mwanasheria akavua miwani. Akaeleza kwa huzuni kwamba kielelezo cha kosa, yaani umeme, kimetumika. Kilichobaki ni masanduku. Tena umeme uliomo kwenye masanduku hayo ni wa Shirika, umewekwa ndani ya ghala la Serikali, kwa nia ya kuutumia baadaye. Ukiisoma Sheria ya Walanguzi kama ilivyo, mshtakiwa ni Wizara.

Kisha yakapitishwa maazimio matatu kwa dakika sita, kasi ambayo Tulipo haijapata kuiona kabla wala baadaye. Kesi zote zifutwe. Betri zote zirudishwe kwa wenyewe ndani ya siku saba, ghala lifagiliwe, na pasiwepo kumbukumbu kwamba liliwahi kuwa na kitu. Na Mhandisi Semeni Kipande aachishwe kazi kwa kosa la kusawazisha gridi bila kibali.

"Lakini mmeona," Semeni alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Mmeona kwa macho yenu. Liacheni ghala kama lilivyo, mimi mnifukuze."

"Tumeona giza tu," Waziri akajibu. "Mengine ni maelezo."

*

Betri zikarudi majumbani kwa malori yaleyale. Sista Apolonia aliweka zake nane chini ya ngazi, akampigia wifi yake simu kumshukuru. Semeni akapokea shukrani hizo akiwa amekaa jikoni, saa nne asubuhi, siku ya kazi, hajui mikono aiweke wapi.

Kilichofuata alikuwa amekiona tangu siku ile ya Tume. Watu waliorudishiwa betri hawakutaka tena kusikia habari za Shirika. Walipanda kwenye nguzo, au wakamlipa anayepanda, wakakata waya. Kila aliyekata alilala na taa yake. Mitambo mitatu ya mafuta ikabaki na wateja wachache zaidi wa kuibeba, ambao ni wale wasioweza kununua paneli, na kila jioni saa moja mshale, popote ulipokuwa, uliporomoka juu ya vichwa vyao. Shirika likapandisha bei ili kufidia waliohama, na wengine wakahama kwa sababu ya bei. Waziri alihutubia kuhusu uzalendo wa waya.

Semeni alianza kwenda zahanati kusaidia kuandika kadi za watoto. Asubuhi moja alitupia jicho kipimo cha betri chini ya ngazi. Zilikuwa zimejaa, na saa nne ilikuwa haijatimia. Tangu hapo mpaka machweo paneli za juu ya paa zingekaa zikiota jua bure, kwa kuwa hapakuwa na pa kuupeleka umeme. Alitoka nje akavuka uchochoro. Upande wa pili Mama Tukae, mwanamke aliyeuza barafu za ubuyu kwa watoto wa shule, alikuwa anamwaga maji mekundu kutoka kwenye friza lake. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana jioni. Alimwaga bila kulalamika, ndoo ya pili, ya tatu, na maji yakatiririka mpaka kwenye kizingiti cha zahanati.

Semeni alirudi ndani. "Wifi, naomba nivushe waya kwa Mama Tukae."

"Hapana."

"Zimejaa hata kabla ya saa nne. Unapoteza jua la siku nzima."

"Nipoteze. Nilinyang'anywa kwa sababu uliandika kwamba tunaweza kusaidia watu. Sasa unataka nisaidie watu." Sista Apolonia aliendelea kukunja mashuka, akayapiga vibao kuyanyoosha. "Tena mimi nikimpa yeye, kesho wa pili yake atasemaje. Na wa tatu."

"Atasema naye anataka."

"Unaona."

"Naona. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka kumi na saba, wifi. Kila mtu anataka, nami nagawa. Niliwakatia ninyi mara tatu mfululizo kwa mkono huu, kwa sababu sikuwa na cha kuwapa. Leo kipo, kinaoza juu ya paa. Ukinikatalia nitakuelewa, lakini usiniambie nikae hapa niandike kadi huku namtazama yule anamwaga."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa pamoja nje ya Tume. Sista Apolonia alilitazama shuka, akaangalia mlangoni, ambako maji ya ubuyu yalikuwa yameanza kuingia.

"Friji ya chanjo kwanza," alisema. "Ikipungua hata nyuzi moja, unakata. Sitaki maelezo."

Waya ulikuwa wa mita kumi na nane. Ulipita juu ya uchochoro, ukashikiliwa katikati na mti wa kuanikia nguo. Friza la Mama Tukae liliunguruma, likakohoa, likashika. Mama Tukae aliweka kiganja juu ya mfuniko akakiacha hapo muda mrefu, kisha akauliza kama kuna karatasi ya kusaini. Semeni akamwambia hakuna.

Kufikia Alhamisi mlangoni pa zahanati walikuwa wamesimama watu watano, kila mmoja na waya wake umeviringwa begani. Nyuma yao akaja ofisa wa Shirika mwenye sare na mkoba. Alimfahamu Semeni, akamwamkia, kisha akamkabidhi fomu. Alisema kwa adabu kwamba kuunganisha nyumba zaidi ya moja ni kuanzisha gridi, na gridi huanzishwa kwa kujaza fomu hiyo katika nakala saba. Maombi husikilizwa kwa zamu, na kwa sasa Shirika linasikiliza ya miaka kumi na moja iliyopita.

Semeni aliisoma fomu yote, mbele na nyuma, akiwa amesimama juu ya kigoda cha mbao, ncha mbili za waya mkononi.

"Mtaani kwako kuna umeme?" alimuuliza.

"Tangu Jumapili hakuna."

"Unakaa wapi?"

Ofisa akaelekeza kwa kidevu, nyumba ya sita kutoka pale, yenye mlango wa bluu. Semeni akaupima umbali kwa macho. Akaikunja fomu, akaitia mfukoni, akaunyoosha chini mkono wake mtupu.

"Una koleo kwenye huo mkoba?"

Ofisa aliangalia huku na huku uchochoroni. Akapiga goti, akafungua mkoba, akapekua chini ya mihuri. Alikuwa nalo.